Bagi inakata moto mlimani, usikimbilie kununua betri zote

Hapa Diani hoteli nyingi za ufukweni zina hivi vigari vya gofu na gofu yenyewe wala havichezewi, kazi yake ni kubeba mabegi na wageni waliochoka na jua. Sisi twaviita bagi. Nyingi zishazeeka na malalamiko ni yaleyale: asubuhi inatoka kwa chaja iko fiti, ikifika mchana inapanda ile njia ya kutoka baharini kama kobe, dereva anawaomba wageni washuke kidogo. Aibu tupu.

Bosi akisikia hivyo jibu lake ni moja tu, "betri zimekufa, tununue seti mpya", na muuzaji wa betri hawezi kukataa pesa. Mie husema ngoja kwanza nipime, manake betri zimefungwa kwa mstari, umeme wote unapita kwa kila moja, ikichoka moja tu zote zinaonekana zimechoka.

Juzi nimeletewa moja ya volti 48, chini ya kiti kuna betri sita za volti nane nane. Dereva ananiambia, "Fundi, chaja inasema imejaa, mita ya mbele inasema imejaa, lakini hii kitu haina nguvu." Nikaichaji tena mpaka chaja ikajizima yenyewe halafu nikaiacha ilale mpaka kesho yake, kwa sababu ukipima betri imetoka kwa chaja saa hiyohiyo inakupa volti za juujuu tu. Asubuhi nikapima seti nzima, 50.5. Seti kama hiyo ikijaa vizuri inasoma 51 au karibu na hapo, sasa fundi mwenye haraka ataona iko sawa, ataanza kusingizia mota au kontrola, kile kifaa kinachogawia mota umeme. Nikapima moja moja: tano zinasoma 8.45 hivi, moja 8.3. Tofauti ndogo kabisa, na hapo ndipo watu wengi wanafunika kiti na kwenda zao.

Betri ikiwa imekaa tu haisemi kitu, ipime ikiwa kazini. Waya za mita yangu nimezirefusha nikazitia vibanio, nabana kwa betri moja, narudisha kiti, dereva anapakia watu wazima na tunapanda ule mlima mie nikiwa na mita mkononi. Tukifika juu tunateremka, nahamisha vibanio, tunapanda tena. Inachosha na wageni wanashangaa lakini jibu linatoka lenyewe: zile nzuri zilishuka mpaka 7.8, 7.9 na kusimama hapo, ile ya 8.3 iliporomoka mpaka 5 na kitu na tulikuwa hatujafika hata nusu ya mlima. Pesa ya seti nzima ilikuwa inataka kwenda kwa sababu ya hiyo moja.

Nikaithibitisha na haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri. Betri ya volti nane ina seli nne, yaani vyumba vinne vya ndani, unafyonza maji ya kila seli unaangalia boya linasimama wapi. Seli tatu zilisoma 1.265, ya nne 1.150. Seli zikipishana zaidi ya 0.050 na umeshachaji mpaka mwisho, hiyo betri basi tena. Na ukifungua vifuniko vua pete na saa, sigara iweke mbali kabisa, betri ikichajiwa inatoa hidrojeni na hiyo inalipuka kweli, sio hadithi.

Halafu hii ya kuongeza asidi iacheni jamani! Kinachopungua kwenye seli ni maji, asidi inabaki mlemle, ukiongeza asidi unaila betri kutoka ndani. Weka maji safi ya betri yasiyo na asidi, na ujaze baada ya kuchaji, kabla ya kuchaji hakikisha tu sahani za risasi za ndani zimefunikwa, ukijaza kabla yatafurika na kumwagikia chuma. Maji ya bomba pia hapana, na ya kisima chetu cha chumvi usiniulize.

Kabla hujailaumu betri lakini, shika kebo baada ya kupanda mlima. Kichwa cha kebo kikiwa cha moto kuliko vingine umeme unapotelea hapo, na huku pwani kutu ni ya kila siku, utakuta unga mweupe na kijani umejaa kwa terminali. Maji ya moto na magadi soda, brashi ya waya, kaza, paka grisi. Solenoidi nayo, ile swichi kubwa inayopitisha umeme wa betri kwenda kwa mota, ipime kwenye zile nguzo mbili kubwa gari ikienda, ukisoma zaidi ya sehemu chache za kumi za volti moja basi ndani kumeungua. Na isukume kwa mkono mahali tambarare, ikiwa nzito breki zinashika au tairi hazina upepo, betri inasingiziwa bure.

Ile mbovu sikuibadilisha na mpya. Betri mpya katikati ya wazee watano itaburutwa na kuzeeka nao haraka, tena kwa joto letu hili ambalo halizipi betri umri mrefu. Nilichukua moja ya rika lao kutoka bagi iliyokufa mota nyuma ya stoo, nikaipima kwanza, ikashika. Sasa inapanda mlima na watu wanne na mabegi. Lakini kuna nyingine mle imeanza kushuka mpaka 7.4, nimeipiga alama ya chaki, na bosi nimemwambia hesabu za seti azianze sasa kabla Disemba haijajaza hoteli.