Zamu ya kupakua

Mchana ukifika, darasa la shule ya msingi hapa Japani linageuka bwalo. Watoto wa zamu wanavaa aproni nyeupe, kofia na barakoa, wanasukuma toroli ya chakula hadi darasani, kisha wanawapakulia wenzao wali, mboga na supu yenye mvuke. Hakuna anayetia tonge mdomoni kabla wote hawajapata. Mwalimu anakula hapo hapo, chakula kile kile. Mimi mgeni nazungushwa meza hadi meza, na kazi yangu kubwa ni kujibu maswali kuhusu simba. Maziwa yakibaki, wanaoyataka wanacheza jiwe, karatasi, mkasi. Aliyeshindwa hakati rufaa.

Haya si mapumziko. Sheria ya chakula cha shuleni ipo tangu 1954, na mlo unahesabiwa kuwa sehemu ya malezi.

Kisha usafi. Meza zinasogezwa, watoto wanainama na matambara na kufuta sakafu mbio mbio kutoka ukuta hadi ukuta. Wageni husifia jambo hili kana kwamba watoto wa huku wamezaliwa na ufagio mkononi. Wapi! Wapo wategaji, na wapo wanaopigana upanga kwa mifagio mpaka mwalimu akohoe. Ila kesho zamu iko pale pale, na hakuna mtu mzima atakayekuja kumalizia kilichobaki. Nadhani siri yote ni hiyo.

Asubuhi hao hao wanakuja shule kwa miguu, bila wazazi, wadogo kabisa wakiwa na mikoba mipana kuliko migongo yao. Kwenye vivuko wazee wa mtaa wanasimama na bendera.

Kinachonikera ni ofisi ya walimu. Taa zake haziwahi kuzimwa mapema. Utafiti wa 2018 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalounganisha hasa nchi tajiri, ulikuta walimu wa sekondari za chini hapa wakifanya kazi saa 56 kwa wiki, wakati wastani wa nchi zilizoshiriki ulikuwa kama 38. Kwa ninayoyaona, siishangai hesabu hiyo. Mtoto wa miaka saba ameaminiwa ndoo ya supu ya moto, lakini mwalimu wake anaona haya kuaga. Nilimuuliza mwenzangu mbona haendi nyumbani, na madaftari ameshasahihisha. Akaangalia kwanza meza ya mwalimu mkuu msaidizi. Alikuwa bado yupo, basi akafungua daftari jingine.