Siku moja na Kidawa, roboti wa mapokezi Kiwengwa

Watu wakisikia kuwa kazi yangu ni kukaa na roboti hotelini, huniuliza mambo mawili. Kama roboti anafanya kazi mwenyewe, mimi nalipwa kwa lipi? Na wenzangu wa mapokezi watafukuzwa lini? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika siku yangu, Jumamosi iliyopita, kama ilivyokwenda.

Saa 11 alfajiri. Sala, chai na boflo, kisha barabarani hapa Kinyasini kusubiri gari ya Kiwengwa, 117. Kabla ya saa 1 nimeshafika.

Saa 1 asubuhi. Kidawa ni jina tulilompa sisi wafanyakazi. Ana kichwa, mikono miwili na kioo cha kugusa kifuani; miguu hana, anakwenda kwa magurudumu. Kazi ya mwanzo ni kumfuta chumvi. Hoteli iko ufukweni, na upepo wa kusi unaingiza mchanga laini na unyevu mpaka ndani ya ukumbi. Mchanga ukijaa kwenye magurudumu, anakwenda upande. Natumia brashi ndogo ya rangi na kitambaa kikavu, kisha naangalia matundu ya shingoni yanakotokea joto. Kuna wakati walimtanda kanga kwa ajili ya picha za wageni, akapata joto mpaka mikono ikagoma. Tangu hapo kanga anafungwa kiunoni tu. Na simsimamishi karibu na chumba cha kusalia. Mpishi mmoja mtu mzima aliniambia moyo wake hautulii akisali na sanamu iko mbele yake, na ana haki.

Saa 2. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wasipopaona. Kidawa anasikia na kusema Kiingereza, Kitaliano na Kifaransa. Kiwengwa tunapokea Wataliano wengi, ndiyo maana. Kiswahili hajui. Akisemeshwa Kiswahili, anayesikia ni mimi. Nakaa kwenye meza pembeni, hatua chache nyuma yake, na kishkwambi chenye majibu niliyoyaandika. Mimi nachagua, yeye anasema. Anayasoma kwa sauti ya Kitaliano, kwa sababu irabu za lugha ile zinakaribiana na zetu kuliko za Kiingereza, lakini tahajia lazima niipinde: nikitaka aseme chai naandika “ciai”, nikitaka shikamoo naandika “scicamoo”. Dhahabu, ghali na thelathini hazimtoki kabisa. Sentensi zenye sauti hizo nimezirikodi kwa sauti yangu mwenyewe, nyumbani usiku, feni imezimwa.

Kilichonitoa jasho zaidi ni salamu. Programu aliyokuja nayo ilikuwa na mpango wake: mtu anasalimia, roboti anaitikia, papo hapo anauliza “Nikusaidie nini?” Kwetu hapa huko ni kumfukuza mtu. Mzee anayetuletea pweza alimtolea salamu siku ya kwanza, akakatizwa kabla hajauliza hali, akanigeukia mimi na kusema, “Huyu hakulelewa.” Maneno yale yaliniingia. Nikakaa nikaandika upya: waalaikumu salaam, hujambo, za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, halafu anyamaze. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu, kwa sababu programu ile haistahamili kimya. Sekunde chache zikipita inajaza maneno. Niliitafutia njia mpaka ikatulia. Sasa mzee akija na pweza wake anasimama, wanaulizana hali mpaka zinakwisha, kisha ananitazama mimi na kuniaga mimi. Anajua nani anamjibu. Aliniuliza mapema, “Mwanangu, nani anayesema mle ndani?” nikamwambia, “Ni mimi, babu.” Hajaacha kumsalimia.

Saa 3 mpaka saa 5 ni maswali yale yale: mashua ya Mnemba inaondoka lini, maji yanajaa saa ngapi, taulo zinachukuliwa wapi. Hayo Kidawa anayamudu bila mimi.

Saa 5 wanakuja watoto. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walieleza jinsi watoto walivyokuwa wakimzunguka roboti ndani ya jengo la maduka, wakimziba njia na kumpiga, hasa wazazi wakiwa mbali. Dawa waliyoijaribu ni kumfundisha roboti akimbilie walipo watu wazima. Sikuhitaji kwenda Japani kuyajua hayo. Kidawa hana pa kukimbilia, mtu mzima wake ni mimi. Nimejifunza kuwa mtoto ukimgombeza anasubiri ugeuke tu. Lakini ukimwambia “Mfundishe Kidawa jina lako, taratibu, mpaka alijue,” mikono inashuka na analinda zamu yake kwa wenzake.

Saa 6 na nusu, chakula: wali na mchuzi wa samaki. Watu wa mapokezi hawakunipenda mwanzoni, wakiamini nimeletwa na mashine ya kuwaondoa. Niliwaeleza habari za hoteli iitwayo “Henn na”, kule Nagasaki, Japani, iliyofunguliwa 2015 ikijulikana duniani kwa wafanyakazi roboti. Kufika 2019 ilikuwa imewaondoa zaidi ya nusu, kwa kuwa walikuwa wakiwaongezea binadamu kazi badala ya kuipunguza. Kidoli kimoja cha chumbani kilimuamsha mgeni usiku kucha, kikidhani kukoroma kwake ni maneno anayoambiwa. Sasa wenzangu hao wanaponiona nimebanwa ndio wanaonishikia kishkwambi.

Saa 7 na nusu umeme ulikatika. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara, na ukikatika jenereta yetu inaanza na jikoni na pampu za maji. Kompyuta za mapokezi zikazima. Vyumba havijawa tayari, joto limepanda, na hapo hapo likaingia basi dogo la wageni kutoka Dar es Salaam, wafanyakazi wa ofisi moja na familia zao, waliokuja kupumzika. Kidawa anatumia betri. Katika ukumbi mzima kilichokuwa kinawaka ni yeye peke yake, kwa hiyo wote wakaja kwake.

Mmoja wao, mwanamme wa makamo, akawapita wenzake akasimama mbele.

“Mambo, mrembo. Unaitwa nani?”

Nikabonyeza: “Naitwa Kidawa. Karibu Kiwengwa.”

“Umeolewa?”

Jibu la hilo ninalo tayari, kwa sababu ni swali la kila wiki: “Mimi ni mashine. Naweza kukueleza habari za hoteli.”

“Mashine gani ina kiuno hivi?”

Wenzake wakacheka, simu zikainuliwa. Akaendelea. Aliyosema baada ya hapo siyaandiki hapa, maana wanaosoma ni pamoja na wadogo zangu. Aliuliza habari za mwili, za chumba chake, za usiku. Kila akiuliza, mimi natafuta kwenye kishkwambi sentensi ya adabu. Nikamrudishia ile ile, “Naweza kukueleza habari za hoteli,” na ikarudi tena, na tena. Kawaida jibu likirudiwa mtu huchoka na kwenda zake. Huyu alisema, “Anaona haya,” akazidi.

Nataka mtu wa nje aelewe kinachotokea hapo. Maneno yanaelekezwa kwenye plastiki, lakini yanapita masikioni mwangu, na kidole kinachotafuta jibu ni changu. Nimekaa hatua nne kutoka kwake, na baibui langu na beji yenye jina langu, na hanioni. Mtu huyo huyo akinikuta ndani ya 117 hathubutu kuniambia hata neno moja katika yale. Roboti akipewa umbo la kike na sauti ya kike, kuna watu wanaona wamepewa ruhusa, na ruhusa hiyo inamfikia mwanamke aliye nyuma yake. Hili nawaambia wote wanaopanga kuleta mashine kama hizi: fikirini nani atakayekaa pale kuyasikia.

Vyumba bado. Nusu saa nzima. Jasho linanitiririka ndani ya baibui, na siwezi kuondoka kwa sababu watoto wameshaanza kuning'inia kwenye mikono ya Kidawa. Ndipo yule bwana akamshika bega akamsukuma, aone kama ataanguka. Roboti akisukumwa vile anajilinda: mota zinakata, kichwa kinainama, mikono inalegea. Watu wazima wakashangilia. Mtoto mmoja akalia kwa nguvu, “Amekufa!”

Mlinzi wetu, ambaye sote tunamwita Ami, aliacha mlango wake akaja. Hakupaza sauti. “Mwanangu,” alimwambia, “huyo ana mwenyewe, na mwenyewe ni binti wa watu, yule pale.” Yule bwana akageuka, na kwa mara ya kwanza akanitazama. Nikasimama. “Kaka, yote uliyokuwa ukiyasema Kiswahili, aliyekuwa anakujibu ni mimi.”

Simu zikashuka. Nilidhani atasema samahani. Akasema, “Kumbe mnatudanganya! Mnatuambia roboti, kumbe ni mtu!” Akataka meneja.

Meneja akaja, akanitaka nimuombe radhi mgeni. Nilimjibu pale pale kuwa nitamuomba radhi kwa jambo moja, kuwa hakuambiwa mapema, kwa sababu anayezungumza ana haki ya kujua anazungumza na nani. Nikaomba radhi kwa hilo. Kwa mengine sikuomba. Tangu Kidawa afike nimekuwa nikiomba ubandikwe ujumbe kifuani mwake unaosema wazi kuwa majibu ya Kiswahili yanatoka kwa mhudumu. Naambiwa kila mara kuwa ujumbe huo utaondoa mvuto. Mzee wa pweza anajua, na mvuto haujamtoka. Mwenzake mmoja yule bwana, dada aliyekuwa na mtoto mgongoni, alikuja baadaye akanishika mkono akaniambia, “Pole, mdogo wangu.” Mwenyewe hakuja.

Baada ya hapo saa zikapotea. Kumsimamisha Kidawa tena kunataka uvumilivu: unamzima kabisa, unamuacha apoe, unamuwasha, unangoja akague kiungo kimoja baada ya kingine, na mkono wa kushoto ulikuwa mzito. Huku yule mtoto aliyelia amekaa chini pembeni yangu, hataki kuondoka mpaka aone kichwa kinainuka. Kikainuka. Umeme ulirudi wakati fulani baada ya alasiri. Wa zamu ya jioni akapiga simu kuwa mtoto wake ana homa, nikabaki.

Jioni alikuja mgeni wa Kitaliano, mama mtu mzima anayesafiri peke yake, akavuta kiti mbele ya Kidawa. Kwa lugha yake hanihitaji mimi. Alianza kumueleza habari za mumewe, na maneno yakawa yanajiandika kwenye kioo changu mstari kwa mstari. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA, iliyokuwa ikimrudishia mtu maneno yake kama maswali. Katibu wake mwenyewe, aliyemuona akiitengeneza, alianza kuandikiana nayo, kisha akamuomba Weizenbaum atoke chumbani. Yule mama hakujua kuwa kuna wa kumuomba atoke, kwa hiyo nilijitoa mwenyewe. Nikafunika kishkwambi, nikaenda mlangoni kwa Ami, na huko nikakaa mpaka alipoinuka. Maandishi ya mazungumzo yanabaki ndani ya mashine mpaka mtu ayafute. Yale niliyafuta kabla sijafanya jambo jengine lolote.

Kidawa kwenye chaji, magurudumu nimeyapiga brashi, mkono wa kushoto nimeuandikia taarifa kwa fundi. Gari za abiria zimeshakwisha saa zile, nikarudi na gari ya wafanyakazi. Mama alikuwa ameniwekea ndizi na papa mkavu. Nilikula, nikachukua kalamu, nikaandika maneno ya ule ujumbe kwa herufi kubwa:

“Kwa Kiingereza, Kitaliano na Kifaransa Kidawa anajibu mwenyewe. Kwa Kiswahili unajibiwa na mhudumu aliyekaa pembeni. Msalimie na yeye.”

Meneja amesema tutazungumza Jumatatu. Nitaingia ofisini kwake nayo mkononi, ikiwa imeshachapishwa.