Oili ikidondoka hapo nyuma, usikubali injini ishushwe kabla haijaoshwa

Gari langu ni Volkswagen Beetle ya 1972, injini ya 1600 iko nyuma, niliachiwa na babangu, na kwa miezi minne ilikuwa inadondosha oili hapo tu injini inapokutana na giaboksi. Asubuhi unapata doa kama sahani kwa simiti ya parking. Nikaipeleka gereji moja, jamaa akainama kidogo tu akasema hiyo ni sili ya krenki, ule mpira unaozuia oili pale shafti ya injini inatokea, nyuma ya flaiwili (lile gurudumu zito upande wa giaboksi), lazima injini ishuke. Ikashushwa, sili ikabadilishwa, nikalipa elfu nane na mia tano, na Jumapili tukipanda Limuru mamangu akaniuliza mbona humu ndani kunanuka kama mtu ameunguza mafuta kwa sufuria. Kufika, kuchungulia chini, doa ni lile lile, mahali ni pale pale. Niliumia sana.

Wenye hizi gari, tafadhali shikeni hii kitu: kwa injini inayopozwa na hewa, pale oili inadondokea na pale inatokea ni sehemu mbili tofauti. Ile feni inapuliza kwa nguvu, inasukuma oili huku na kule, halafu inateremka ikifuata ukingo wa injini mpaka ifike chini kabisa, na chini kabisa ndio hapo kwa giaboksi, kwa hivyo sili ya krenki inabebeshwa makosa ya kila mtu. Na kwa hii gari kuvuja sio jambo dogo, maana haina maji, oili ndiyo inasaidiana na feni kutoa joto, na yote ni lita 2.5 pekee. Ukipoteza nusu lita umepoteza moja ya tano. Tena oili ikichanganyika na vumbi letu inaziba mapezi ya silinda, vile vibati vyembamba vya kutoa joto, joto linakosa pa kutokea.

Wiki iliyofuata nikaenda Kariobangi Light, Nairobi, kwa fundi mmoja mzee ambaye ameshika hizi injini tangu ujana wake. Hata hakuinama. "Kijana wangu, umeiosha?" Nikamwambia bado. "Sasa hapo utaona nini?"

Basi tukaosha. Mafuta taa na brashi, injini ikiwa baridi, distribyuta (ile inayogawia plagi moto) na kabureta tumefunika na vitambaa, halafu maji ya sabuni, halafu tukaiacha ikauke kabisa. Tukapaka poda ya mtoto kila mahali mpaka ikawa nyeupe kama imemwagiwa unga. Nikaiwasha dakika kumi, nikazunguka kidogo Outering, nikarudi, mzee akamulika tochi. Wah. Nyeupe yote, isipokuwa mstari mmoja mwembamba wa rangi ya chai ya rangi, unaanzia kwa swichi ya presha ya oili, ile ndogo iko karibu na distribyuta na waya mmoja juu yake, unateremka ubavuni mwa injini unaenda mpaka kwa giaboksi. Nilikaa nikiuangalia tu ule mstari. Oili ilikuwa inatokea pale plastiki inashika chuma, kwa waya. Swichi mpya nilipata Kirinyaga Road chini ya elfu moja, na kuifungua hata huhitaji kushusha kitu. Ila usiikaze kwa hasira, uzi wake wa kukazia ni mwembamba mbele na mpana nyuma, na bloku ya hii injini ni ya magnesi, inapasuka.

Poda ikatuonyesha kingine: ile mirija ya pushrodi (vile vijiti vinavyosukuma roka zifungue valvu), iko minane chini ya injini, miwili upande wa kushoto imelowa kwenye miisho. Sili zake zinapigwa na joto miaka mingi zinakuwa ngumu kama ganda. Mirija ya kawaida inataka hedi, kile kifuniko cha silinda, itoke, lakini kuna ile ya springi, unatoa roka na pushrodi unaipenyeza hapo hapo. Hiyo ndiyo tuliweka. Na ile harufu ya Limuru ilikuwa ni oili ya hapo ikiangukia mabomba ya ekzosi, ambako hita inachukua joto lake.

Kitu kimoja kilinikasirisha zaidi ya pesa. Gereji ile ilikuwa imepaka silikoni nyekundu kwa sahani ya kichungi cha oili huko chini ya injini. Tulipoifungua tukapata nyuzi za silikoni zimekwama kwa wavu, na hii injini haina filta nyingine, ni huo wavu tu. Hapo panataka gasketi mbili za karatasi, washa za shaba, na nati sita zikazwe kidogo sana. Ukikaza zaidi sahani inapinda na inavuja vibaya kuliko mwanzo.

Saa hii imebaki jasho kidogo kwa kava ya pampu ya oili. Gasketi nimeshanunua, mzee amesema nije Jumamosi asubuhi, na injini iwe imeoshwa.