Siku moja kwenye kliniki ya watoto wenye kisukari, Mwanza

Saa 11:30 alfajiri
Simu yangu huwa naiacha na sauti, maana muda huu wazazi wengi wanapima watoto kabla ya chai. Leo ameanza mama mmoja wa Igombe, mwenye binti wa darasa la tano. "Sista, samahani kukuamsha. Ameamka na 3.4, anatetemeka." Sukari ya damu ikiwa chini ya 4 kwenye mashine hakuna maneno mengi: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe yote, baada ya dakika 15 apimwe tena. Amepiga tena: 5.8. Ale kwanza, ndipo tupange sindano ya asubuhi ya insulini, dawa ya kushusha sukari.

Saa 1:00 asubuhi
Daladala ya Nyakato, imejaa. Tunafika.

Saa 2:00
Benchi limejaa watu wa Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe. Wa Sengerema wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Zamani mtoto angeweza kuchomwa insulini nyumbani, kisha foleni ya kivuko ikachelewesha chakula, sukari ikaporomoka njiani. Wa Ukerewe bado wanasafiri kwa maji, ndiyo maana nawasisitiza wabebe glukosi na kitu cha kula hata kama ziwa limetulia.

Kupima kunaanzia kwenye beseni la maji na sabuni. Msichana mmoja amewahi kutoboa kidole kabla ya kunawa, mashine ikasoma 19.7. Nimenusa vidole vyake: embe. Amenawa, tumerudia, 8.9. Utamu ulioganda kwenye ngozi ungetosha kutufanya tumwongezee dozi ambayo ingemwangusha mchana.

Saa 4:00
Ameingia kijana wa miaka 13 na mama yake, muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Daftari lake la vipimo vya sukari ni safi mno. 6.2, 7.0, 6.5, wiki nzima kwa wino uleule na mwandiko uleule, wala hakuna hata doa la damu pembeni mwa ukurasa. Lakini kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimetoka asilimia 12, na sisi tunalenga chini ya 7. Nimewasha mashine yake nikafungua kumbukumbu: 16.8, 21.3, kisha siku ambazo hazina kitu kabisa.

Mama ameona, ameshaanza kufoka. Nimemwomba atusubiri nje kidogo.

"Nyumbani nani anasoma daftari?"
"Baba mdogo. Ikizidi kumi anagomba, anasema nimekula pipi."

Hapo ndipo penye shida, na nitalisema hili kila siku nikiwa na sauti: mtoto anayegombezwa kwa ajili ya namba ataacha kupima, au ataandika namba ya kumfurahisha mkubwa, nasi tutapanga dozi juu ya uongo. Kijana wa umri huu yuko kwenye balehe, na homoni za balehe zinaipinga insulini. Mafua yanapandisha sukari. Malaria inapandisha. Hata hofu ya mtihani inapandisha. Pipi ni sababu moja tu kati ya nyingi.

Nimempapasa mkono wa kushoto. Kuna uvimbe laini, mkubwa kama ndimu, palepale anapochoma kila siku kwa sababu hapaumi tena. Insulini inayoingia hapo hainyonywi vizuri. Leo inachelewa, kesho inakuja yote kwa mkupuo. Kumbe sehemu ya zile 21 imekaa humo mkononi. Nimemchorea tumbo kwa kalamu, robo nne, kila wiki robo yake. Kisha nimempigia baba mdogo, nimemsalimu, nimemwomba jambo moja: akiona 16, amuulize kijana "tufanye nini?" Amenyamaza kidogo, akasema, "Sawa, sista. Nilidhani namsaidia."

Saa 7:00 mchana
Mafunzo ya chakula. Mtoto wa Kisukuma humkatazi michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) akakusikiliza, kwa hiyo tunapima: michembe ni wanga kama ugali, ukila hiki unapunguza kile, samaki na mchicha havigombani na mtu. Wasio na friji wameonyeshwa jinsi ya kutunza insulini isipate joto: chungu ndani ya chungu, mchanga wenye maji katikati, kikae kivulini penye upepo.

Saa 9:00 alasiri
Wodini ameletwa mtoto wa miaka sita. Anahema kwa nguvu na kwa kina, pumzi ina harufu kama ya matunda yaliyoiva sana. Huko walikoanzia alitibiwa malaria. Wiki nzima alikuwa anakunywa maji kama hashibi na kukojoa kitandani, lakini hakuna aliyemtoboa kidole. Tone moja la damu lingesema ni kisukari. Ameanza kupewa maji na insulini taratibu, kwa saa. Baba yake ameniuliza kama kuna vidonge badala ya sindano. Nimemwambia ukweli: kongosho la mwanawe limeacha kutengeneza insulini, na kabla ya 1922, mgonjwa wa kwanza alipochomwa insulini huko Toronto, watoto kama wake walikuwa wanakufa. Leo anaweza kusoma, kucheza mpira na kuzeeka.

Saa 3:00 usiku
Bibi mmoja wa Ukerewe: mjukuu ana 17.6, mafua yamembana. Nimemwambia ampe maji kwa wingi, asiruke sindano ya usiku wala asiongeze yuniti kwa kukisia, ampime tena saa 6. Akitapika au akianza kuhema kwa nguvu, wasisubiri boti ya asubuhi. Waende hospitali ya Nansio usiku huuhuu. Amenirudia maagizo moja moja, yote sawa. Nitampigia saa 6.