Pointi 107 na bado hatukupanda moja kwa moja

Wadau wa soka, wengi mnanijua ni mtu wa Ligi Kuu ya England. Lakini tangu nihamie Nottingham, moyo wangu umeenda Notts County, klabu iliyoanzishwa mwaka 1862, na msimu wa 2022/23 nitauhadithia mpaka wajukuu.

Tulikuwa daraja la tano, National League. Bingwa anapanda moja kwa moja, nafasi ya pili ya kupanda inagombewa kwa mchujo. Basi. Mshambuliaji wetu Macaulay Langstaff alitupia mabao 42 ya ligi, jamani! Tukamaliza na pointi 107. Wapinzani wetu Wrexham wakamaliza na 111, wakatwaa ubingwa.

Ile mechi ya kwao Aprili 10 bado inaniuma. Tuko nyuma 3-2, dakika za nyongeza, tunapata penalti. Ben Foster, kipa aliyekwisha kustaafu akarudishwa, akaipangua. Pale baa nilipokuwa naangalia, watu wazima walilia, nami nililia nao.

Kwenye nusu fainali ya mchujo Boreham Wood walitutangulia 2-0, tukapindua tukashinda 3-2 muda wa ziada ukiyoyoma. Fainali Mei 13, Wembley, Chesterfield walituongoza mara mbili, mara mbili tukasawazisha, kisha tukawatoa kwa penalti, tukapanda. Nilikumbatiana na wazee nisiowajua hata majina.

Ila kwa kweli nafasi mbili tu za kupanda hazitoshi. Timu ya pointi 107 haikustahili kuponea kwenye penalti. Waongeze ya tatu!