Siku moja Jangwani na droni: kazi yote iko kwenye kimo

Saa 10:30 alfajiri. Leo tunapima kimo cha ardhi kwa ajili ya ramani ya mafuriko ya Jangwani. Nacheki betri na kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), tunawahi kabla upepo wa Dar haujachachamaa maana ukianza tu droni inakula chaji balaa.

Saa 12:30. Bonde la Msimbazi, tope bado bichi. Besi ya GPS, ile mashine inayokaa palepale muda wote, tunaiweka juu ya bikoni (alama ya wapima ardhi) ambayo kimo chake kinajulikana, napima kwa tepu mpaka kwenye antena, kisha mwenzangu anapima upya bila kuona nilichoandika, tukipata wote mita 1.642 twende. Hapo ukipishana sm 10 ramani nzima inapanda sm 10 na hakuna programu itakayokushtua.

Saa 1:15. Inaruka mita 100. Zamani ungemwaga alama za chokaa kila kona, siku hizi droni ina antena yake inadaka setelaiti na kila picha inabeba sekunde yake kamili, baadaye tunaoanisha na data ya besi, ndo PPK hiyo. Mistari ya mwisho nainamisha kamera, maana ukipiga za kutazama chini tupu uwanja tambarare unaweza kutoka umebinuka kama sufuria.

Mama muuza vitumbua kaja juu: "Kijana, mnatupiga picha mje mtubomolee?" Hapana mama, tunapima maji yanafika wapi. Hajaniamini, ila vitumbua kaniuzia.

Saa 3. Kutembea na GPS ya upimaji iliyo kwenye fimbo kupima pointi za ukaguzi. Pointi hizi programu ya kuchora ramani haipewi kabisa, ni za kuisuta tu.

Saa 8 mchana, ofisini. Wengi wanapigwa hapa: GPS haiijui bahari, inapima toka kwenye umbo la dunia la kimahesabu, na kwa pwani yetu umbo hilo liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 20, yani ukisimama Coco Beach inakwambia uko chini ya maji 😂 Sasa maji ya mafuriko hayafuati mahesabu hayo, kwa hiyo lazima upitishe modeli ya jioidi kwanza, yani umbo la dunia linalofuata usawa wa bahari.

Saa 12 jioni. Majibu: pointi karibu zote zimepishana na ramani chini ya sm 5. Moja tu, kule kwenye matete, ramani imeenda juu kwa sm 38, kamera imepima majani badala ya udongo. Laiza, ile ya kupima kwa miale ya mwanga, ingeweza kupenya katikati ya majani, lakini bajeti ya laiza nani anayo? Kesho tunaingia na mabuti.