Mikarafuu ya baba na kampuni ya viyoyozi

Mwaka 2017 chumba cha baridi nilichokitengeneza kwa mikono yangu kilizima usiku, na alfajiri mwenye mzigo akanipigia simu. Ndani mlikuwa na pweza na changu waliokuwa wapelekwe Unguja kwa boti. Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi hapa Chake Chake, Pemba, na kompresa ile nilikuwa nimeibadilisha wiki hiyo hiyo. Hatukugombana. Tulikaa mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa wetu, tukakubaliana nimlipe shilingi 4,500,000 kwa mafungu.

Fedha hizo sikuwa nazo. Nilichokuwa nacho ni mikarafuu 18 aliyotuachia marehemu baba kule Mtambile, fungu langu la mirathi. Nikaikodisha kwa misimu miwili ili nilipe deni. Msimu ulipofika nikawa napita njiani na vifaa vyangu, nawaona wachumaji wa mtu mwingine wako juu ya miti ya baba. Nilikuwa nashindwa hata kuwaamkia.

Dada yangu mkubwa, mwalimu wa skuli, ndiye aliyeniuliza kwanza: "Mdogo wangu, kwani duka la friji na mikarafuu vina uhusiano gani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu kisheria vilikuwa kitu kimoja. Biashara ilikuwa mimi, na deni la biashara lilikuwa deni langu mpaka kitanda ninacholalia.

Mwaka uliofuata hoteli moja ya kaskazini, upande wa Kigomasha, ikataka mtu wa kuvihudumia viyoyozi vyake 22 kila miezi mitatu. Wakaniambia wazi kwamba mkataba wa mwaka mzima wanampa mwenye kampuni. Nikapanda boti pale Mkoani, nikaenda Unguja kumuona wakili.

Wakili yule alikuwa mtu mzima mwenye subira. Alinisimulia kisa cha fundi viatu wa London, Aron Salomon, aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni. Kampuni ikaanguka, wadai wakataka yeye alipe kwa mali yake. Mwaka 1897 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikaamua kwamba kampuni iliyosajiliwa kihalali ni mtu mwingine, na madeni yake ni yake. "Sheria yetu imetoka katika ukoo huo," akasema. Kisha akaninyooshea kidole: "Lakini sikiliza, fundi. Mkono wako ukifanya uzembe, mtu anaweza kukushitaki wewe mwenyewe. Kampuni inakukinga na madeni ya kampuni. Haikukingi na kila kitu." Maneno hayo nayashukuru hadi leo, kwa sababu wengi tunasajili tukidhani tumevaa hirizi.

Rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam alikuwa amenishauri nisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alivyofanya yeye. Wakili akanifahamisha kwamba usajili wa makampuni si jambo la Muungano. BRELA ni ya Bara; sisi tuna BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na Sheria yetu ya Makampuni namba 15 ya mwaka 2013.

Usajili wenyewe haukuwa na tabu kubwa. Jina la kwanza lilikataliwa kwa kuwa lilifanana na la kampuni nyingine, la pili likapita, na mwishoni mwake likawekwa neno Limited. Tukaandika katiba ya kampuni: inafanya kazi gani, wanahisa ni nani, wakurugenzi ni nani, ofisi iko wapi. Wanahisa tukawa wawili, mimi na dada, naye akakubali kuwa katibu.

Mahali nilipokaribia kuteleza ni kwenye mtaji. Kijana wa stesheneri aliyetuchapia karatasi alinishauri tuandike mtaji wa shilingi 100,000,000, zote ziwe hisa zetu, ili mahoteli yatuheshimu. Wakili alipoiona rasimu akaikata kwa kalamu. Ukichukua hisa, unadaiwa bei yake. Kampuni ikifilisika na hisa zako hujazilipia, mfilisi atakuja kwako kudai kilichobaki. Kikomo cha dhima yako ni kile ulichotoa pamoja na kile ulichoahidi kutoa. Tukaandika hisa 100 za shilingi 50,000 kila moja. Mimi nikachukua 60, dada 40, na zote tukazilipia: milioni tatu zangu, milioni mbili zake. Basi.

Baada ya hapo ikafuata safari ya kodi. TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, kwa TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni, maana kodi ya mapato ni ya Muungano. Bodi ya Mapato, ambayo siku hizi ni ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, kwa kodi za Zanzibar. Leseni ya biashara. Na ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa vijana wangu wawili. Nilipokuwa fundi bila kampuni nilikuwa nalipa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo ya mwaka. Kampuni hairuhusiwi njia hiyo hata ikiwa ndogo kama kibanda. Inalipa asilimia 30 ya faida, na faida lazima ionekane kwenye hesabu. Kodi ya faida inayotarajiwa hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Disemba, halafu ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, hupelekwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, ikiwa imepitishwa na mhasibu mwenye cheti cha CPA. Ada ya mhasibu huyo iingize kwenye hesabu zako kabla hujasajili chochote. Mwenye kazi ya vibarua vya siku moja moja, nionavyo mimi, bora abaki na jina la biashara tu, bila kampuni, mpaka apate mteja anayeihitaji kampuni kweli.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hakuna karatasi iliyonifundisha.

Hoteli ilipolipa mara ya kwanza, fedha ziliingia akaunti ya kampuni. Wiki hiyo hiyo nikatoa 600,000 nikamlipia mwanangu ada ya chuo. Mwezi uliofuata nikatoa tena, harusi ya binamu. Sikuona kosa, kazi nimefanya mimi, jua limenipiga mimi juu ya paa. Mwisho wa mwaka mhasibu akaziwekea alama nyekundu, akauliza: "Hizi ni nini? Mshahara, gawio, au mkopo?" Kama ni mshahara, zilitakiwa zikatwe kodi ya mshahara na mchango wa ZSSF. Kama ni gawio, yaani faida wanayogawana wanahisa, kwanza ipatikane faida, tuamue kwenye kikao, tukate kodi ya asilimia 10, na dada apate fungu lake. Kama ni mkopo, nirudishe.

Dada alikuwa kimya, kisha akasema, "Mdogo wangu, hizo si pesa zako. Arubaini katika kila mia ni zangu, na hata mimi sijazigusa."

Niliona haya mbele yake. Nilizirudisha kidogo kidogo kwa miezi minane. Tangu hapo najilipa mshahara, mdogo, kila tarehe 28, na nisipokuwa na kitu mfukoni tarehe 20 basi sina. Nilikuja kufahamu pia kwamba mwenye kuchanganya fedha zake na za kampuni anampa mdai hoja ya kuiambia mahakama kwamba kampuni hiyo ni jina tu. Mikataba nayo nasaini kwa jina la kampuni, chini naandika "Mkurugenzi", na muhuri. Zamani nilikuwa nasaini jina langu tupu, na jina tupu linamfunga mwenye jina.

Kosa jingine lilikuwa taarifa ya mwaka ya BPRA. Nilidhani kwa kuwa miezi ya mwanzo hatukuwa na kazi, hakuna cha kupeleka. Taarifa hupelekwa hata kama hamkuuza msumari, na tulitozwa faini. Siku hizi dada ameibandika tarehe hiyo ukutani, pembeni ya kalenda ya nyakati za sala.

Mwaka wa tatu tulitaka pikapu, tukaenda benki. Afisa alitupokea vizuri, akatuletea fomu, na ukurasa wa mwisho ukawa dhamana binafsi ya wakurugenzi: kampuni ikishindwa kulipa, sisi tutalipa. Akauliza kama tuna mali. Nikataka kutaja mikarafuu. Dada akanishika mkono chini ya meza. Tukatoka nje, akaniambia, "Ukitia saini pale umeufungua tena mlango tuliougharimia kuuziba." Hatukuchukua mkopo. Tulikodi gari mwaka mmoja na nusu, kisha tukanunua pikapu kuukuu kwa akiba.

Msimu wa karafuu uliopita mikarafuu ilizaa vizuri, nami nilichuma mwenyewe na wanangu, tukaanika, tukauza ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Hoteli ilikuwa imechelewa kulipa na mishahara ya vijana ilikuwa imekaribia. Nikaiambia kampuni nitaikopesha 1,200,000. Dada akaandika muhtasari wa kikao, tukasaini wote wawili, fedha zikapita benki. Hoteli ilipolipa, kampuni ikanirudishia kwa awamu tatu, na kila awamu dada alinidai nisaini kwamba nimepokea.